Maji yanatoka wapi? Maneno juu ya mifuko ya kulalia

(Maneno ya komite ya vifaa kwa mkutano wa wanachama, Baraka. Tumeyaandika hapa kwa wale waliokuwa mashambani siku ile, na kwa wafadhili wetu.)

 

Tangu mvua zianze, lalamiko moja linarudi kila juma: "Mifuko inavuja." Ni ile mifuko myepesi ya kulalia nje tuliyotumiwa na ndugu walioko Ulaya, ile ukiikunja inaenea mkononi. Wanaoitumia mnawajua: wanaolala shambani kuchunga mahindi, wavuvi wanaongojea ufukoni, wamama wanaopanda na chumvi na sabuni mpaka masoko ya kule juu. Wengi wameirudisha. Wengine wameishona upya, wengine wameipaka nta ya mshumaa. Kuna aliyeikata akafanya koti la mtoto, na koti ni zuri, hatumlaumu.

Njo maana komite ikafanya mtihani mbele ya macho ya watu. Tulichukua mifuko sita iliyorudishwa, tukaitundika kwenye kamba, tukatia maji ndani ya kila mmoja, tukangoja mpaka jua kuzama. Mifuko minne haikutoa hata tone. Miwili ilitoa, na hiyo tutaisemea mbele kidogo. Lakini ile minne, wenyewe wameapa kwamba waliamka wamelowa mpaka blanketi. Hawasemi uongo. Sasa yale maji yalitoka wapi?

Yalitoka kwa mwenye kulala. Mwili wa mtu mzima unatoa maji bila yeye kujua, sehemu kwa pumzi, sehemu kwa ngozi. Kwa siku nzima ni karibu mililita 800, na hapo jasho la kazi halijahesabiwa. Ukilala masaa nane, hesabu robo lita hivi. Hiyo ni glasi moja iliyojaa. Ukijifunika mpaka kichwa ndani ya naylon, glasi ile itaenda wapi? Inakuwa mvuke, inagusa kitambaa kilichopozwa na usiku, inageuka matone, inakurudilia. Tazameni kifuniko cha sufuria ya maharagi. Kinatoa maji chini, na hakuna mama aliyesema kifuniko kinavuja.

Na wazee waliokaa Nyarugusu na Lugufu wanakumbuka zile turubai nyeupe, tunaziitaka bashi, za mita 4 kwa 5. Ukifunga pande zote sawasawa, asubuhi plastiki inatoa jasho na matone yanaanguka juu ya watoto, hata mvua isiponyesha. Ndiyo sababu tuliachaka nafasi chini ya paa. Mfuko ni bashi ileile, ila imekukaribia mpaka ngozi.

Mtatuuliza: si waliandika juu yake kwamba kitambaa kinapumua? Iko ya namna mbili. Ya bei ndogo ni naylon iliyopakwa plastiki ndani, haipumui kitu. Ya bei kubwa, kama ile ya Gore-Tex, iko na utando wenye vitundu vidogo sana: tone haliwezi kupita, mvuke unapita. Hiyo ni kweli. Lakini mvuke haupiti wenyewe tu, unasukumwa na tofauti kati ya ndani na nje. Hapa kwetu ziwani, kwenye mita 770 hivi, usiku wa mvua hewa ya nje nayo imeshiba maji, basi msukumo unakuwa mdogo sana. Kule juu, kuelekea milima ya Itombwe, nje kuko baridi, lakini kitambaa nacho kinapoa, na mvuke unageuka maji kabla haujatoka. Tena kitambaa cha nje kikichafuka kwa moshi, ao kikibaki na sabuni ya unga, mvua haitelezi tena juu yake. Inakaa pale kama kwenye shuka iliyoloweshwa, na pumzi ya kitambaa inakatika. Mfuko uoshwe kwa maji mengi, sabuni kidogo sana, na usuuzwe mara nyingi.

Tuliwauliza wote waliorudisha: kwa nini mnafunga kichwa? Hakuna hata mmoja aliyetaja mvua. Wa juu walisema baridi. Wa ufukoni walisema mbu. Mama mmoja alituambia: "Nikitoa pua inje, mbu zinanikula. Nikiiingiza, nalala mu maji. Nichague gani?" Na malaria hapa kwetu hatuhitaji kuielezea mtu.

Kwa maoni ya komite, mama yule amesema shida yote. Mfuko peke yake hauwezi kumjibu, hata ungekuwa wa bei gani. Anahitaji bashi juu, chandarua chini ya bashi, na mfuko ufunguliwe mpaka kifua. Funga kamba kati ya miti miwili, tupa bashi juu yake, upande wa upepo uushushe karibu na ardhi, upande wa pili uuinue. Chandarua kitundikwe kwenye kamba ileile, na kingo zake ziingizwe chini ya mkeka. Chini ya mkeka tia majani makavu, juu ya ardhi baridi inaita maji vilevile. Ukitandika plastiki chini, isitokeze nje ya paa hata kidole, la sivyo itakusanya mvua na kuileta mgongoni mwako. Baridi ikizidi, vaa kofia ao funga kitenge kichwani, pua ibaki nje. Usiingie na nguo zilizolowa. Asubuhi geuza mfuko ndani nje, uanike mpaka ukauke mbele ya kuukunja.

Neno moja kwa wamama, na hapa hatucheki: mtoto mchanga asifungiwe ndani ya mfuko huu hata dakika chache. Kitu kinachozuia maji kinaweza kuzuia hewa.

Sasa ile miwili iliyovuja. Mmoja ulivuja kwenye mshono, kwa sababu kila tundu la sindano ni mlango. Huo unatengenezeka, lakini msipake gundi yoyote tu: kitambaa kilichopakwa silikoni kinashika silikoni, na kilichopakwa plastiki ya poliyuretani kinataka gundi ya namna yake. Leteni mfuko tuujaribu kwanza kwenye kona. Na waliouongezea uzi wajue wameongeza matundu. Mfuko wa pili ulikuwa unabanduka ndani kama ngozi ya nyoka, unanata na kunuka. Ulikunjwa na unyevu, ukakaa miezi kwenye joto, plastiki ikaoza. Huo hautengenezeki. Tumeukata kuwa vifuniko vya magunia ya chumvi.

Ndugu wafadhili, asanteni kwa mifuko. Mmetuandikia mkiuliza kama mtume mingine ya bei zaidi. Jibu la mkutano ni hapana. Bei ya mfuko mmoja wa utando inaweza kununua mabashi kadhaa pamoja na kamba, na bashi moja inafunika watu wengi. Tutumieni bashi, vyandarua na kamba. Mwenye kukaa na mfuko wake aukae nao. Kwa wanaopanda milimani peke yao na mzigo kichwani, uzito mdogo bado una faida.

Ile mifuko minne iko kwa sekreteri, imekauka. Wenyewe waje kuichukua, na kila mmoja atapewa mita kumi za kamba. Vyandarua bado tunangojea.