Mashimo ya Umatengo

Msikilizaji, baada ya habari, tupande kidogo milima ya Mbinga, mkoani Ruvuma. Kutoka mbali, miteremko ya Wamatengo, wakazi wa huko, hufanana na sega la nyuki: mashimo mamia, yamepangwa bega kwa bega. Hizo ndizo ngoro.

Kwanza, zilitoka wapi? Katika karne ya 19, vita vya Wangoni viliwasukuma Wamatengo wajibanze milimani. Watu wengi, ardhi kidogo, tena mteremko mkali. Mvua moja ingeushusha udongo wote bondeni. Basi wakabuni mbinu yao. Wanaume hufyeka majani na kuyalaza kwa mistari inayokatizana; wanawake huchimba udongo katikati ya kila mraba na kuyafunika majani hayo. Majani yanaoza, yanakuwa mbolea. Shimo linadaka maji. Juu ya kingo maharage, kisha mahindi.

Sasa, tatizo liko wapi? Ngoro ni kazi ya jembe la mkono, na mzigo mkubwa, tuseme kweli, uko mgongoni mwa mama. Kijana mwenye kahawa, zao lililoingia huko miaka ya 1920, anaona afadhali apige matuta, amalize mapema. Simlaumu, wanaozisifu ngoro wengi hawajawahi kuchimba hata moja.

Lakini upande wa pili, udongo ukishateremka mtoni haupandi tena.

Je, msikilizaji, nani atachimba ngoro za kesho, na kwa malipo gani?