Jina la Mwalimu
Dominika ya 31 ya Mwaka A (Mathayo 23:1-12)



Injili ya leo yaweza kumtia wasiwasi katekista wa Nanyamba. Kijijini kwake watu humwita Mwalimu, naye Bwana awaambia wafuasi wake wasikubali kuitwa hivyo, kwa kuwa Mwalimu wao ni mmoja. Tena awakataza kumwita mtu wa duniani baba, nasi twamwita kasisi wetu Padre, neno ambalo maana yake ni baba. Je, tunamkaidi Bwana?

La hasha. Mtume Paulo naye alijiita baba wa Wakorintho, kwa sababu aliwazaa katika Injili. Lakini huko Korintho baba huyo alishona mahema kwa mikono yake, asimlemee mtu. Waandishi na Mafarisayo ndio waliowatwika watu mizigo mizito ambayo wao hawakutaka kuigusa hata kwa kidole, kisha wakapenda kusalimiwa sokoni. Hapo ndipo penye lawama.

Baada ya Azimio la Arusha la 1967, viongozi wa nchi yetu waliitana Ndugu. Julius Nyerere, aliyekuwa Rais hadi 1985, alijulikana mpaka kufa kwake mwaka 1999 kwa jina la kazi aliyoifanya darasani Tabora na Pugu: Mwalimu. Siku hizi Mheshimiwa amerudi, na mikutanoni twataja vyeo vya wageni hata wasikilizaji wakasinzia kabla ya neno la maana.

Kanisa nalo halikusalimika. Mwaka 2014 Papa Fransisko aliagiza kwamba kwa mapadre wa majimboni, cheo cha heshima cha Monsinyori kitolewe tu kwa waliotimiza miaka 65. Wako waliosikitika, nami nadhani masikitiko hayo yalionyesha kwa nini agizo lilihitajika.

Basi, jumuiya ndogo ndogo zetu huchagua wenyeviti. Huku katika uwanda wa Makonde maji ni ya taabu wakati wa kiangazi. Tusianze kwa kuuliza nani ajua kusema mbele za watu. Tuulize: yule mjane alipougua, nani alimpelekea ndoo ya maji bila kutumwa? Huenda mtu huyo hayumo katika orodha ya wagombea. Na aandikwe.