Kombe la Mwaka Huu



Mwaka 1987 nilikuwa masomoni Michigan, Marekani. Mimi, mtu wa kandanda, nikajikuta shabiki wa besiboli, timu ya Detroit Tigers. Mwezi Agosti tulikuwa tukikimbizana na Toronto, nasi tumepungukiwa mrushaji mpira. Tukamchukua Doyle Alexander kutoka Atlanta, mzee wa miaka 36. Tukawapa John Smoltz, kijana wa miaka 20 ambaye timu kubwa alikuwa hajaifikia.

Alexander alishinda michezo 9 bila kushindwa hata mmoja! Siku ya mwisho tuliifunga Toronto 1-0, tukaongoza kundi letu. Nilipiga kelele hadi sauti ikakauka. Kisha Minnesota wakatutoa, michezo 4 kwa 1. Mwaka 1989 Alexander alishindwa mara 18, akastaafu. Smoltz, naye mzaliwa wa Michigan hiyo hiyo, aliichezea Atlanta hadi 2008, akaishindia michezo 210 na kutwaa nayo ubingwa wa mwaka 1995.

Nasema haya kwa sababu asubuhi kamati imependekeza tutafute wachezaji wanane wa nje, waje kidato cha tano ili tutwae kombe la mkoa. Watakaowapisha katika timu ni vijana wa kidato cha pili, niliowaona jana jioni wakifanya mazoezi pekupeku. Siwalaumu wenzangu, Agosti ile hata mimi nilishangilia. Ila kura yangu ni hapana, na naomba Katibu aiandike.