Safari ya Uhehe



Wakati wa likizo tulisafiri marafiki wanne hata Uhehe, nchi ya vilima, mawe makubwa na upepo wa baridi. Macho yetu yalishiba. Lakini faida kubwa tuliipata masikioni.

Hapo Lugalo, tarehe 17 Agosti 1891, watu wa Mtwa Mkwawa walikishinda kikosi cha Wajerumani, na mkubwa wake, Zelewski, akauawa. Boma la Kalenga, lenye ukuta wa mawe, lilitekwa mwaka 1894. Mkwawa hakusalimu amri. Alipigana porini miaka minne, hata mwaka 1898 akajiua asishikwe.

Tarehe hizi zimo vitabuni. Bali nani alimficha, nani alimpikia, na nani aliteswa kwa ajili yake, hayo wazee waliyapokea kwa baba zao, nayo hukaa vichwani tu.

Ndugu, sisi makarani kila siku twaandika maneno ya watu wengine. Basi kila aendaye kwao likizo achukue daftari, aketi na mzee wake, aandike. Faili ikipotea yaweza kutafutwa. Mzee akifa hatafutwi.