Kwa Nini Waliohamishwa Bondeni Hurudi?

(Hotuba kwa walimu na watumishi wa umma, Busi, wilayani Kondoa)



Ipo kauli iliyozoeleka maofisini, kwamba mwananchi aliyehamishwa kutoka mahali pa hatari, kisha akarudi, ni mjinga au mkaidi. Yafaa tuipime.

Mwaka 1968 mto Rufiji ulifurika. Serikali ikawahamisha wananchi kutoka bondeni hadi vijiji vya Ujamaa kwenye mwinuko, ili huduma ziwafikie. Nia ilikuwa njema. Lakini mafuriko yabomoayo nyumba ndiyo hayo hayo yaletayo tope lenye rutuba. Maji yakipungua, mkulima hupanda mlau katika unyevu uliobaki. Huko juu ardhi ni ya kichanga na mvua ni ya kubahatisha. Tena mpunga usio na mlinzi huliwa na ndege na nguruwe. Basi mkulima akarudi, akajenga dungu, akalala shambani. Nyumba ilihamishwa, shamba lilibaki.

Si Rufiji peke yake. Katika pwani ya Sanriku, nchini Japani, mawimbi ya tsunami ya mwaka 1896 yaliua watu wapatao 22,000. Baadhi ya vijiji vikahamia mlimani. Lakini mvuvi hawezi kukaa mbali na mashua yake. Wakateremka kidogo kidogo, na mwaka 1933 bahari ikawafuata tena. Nani atawaita Wajapani wajinga?

Nasi wa Kondoa tunalo funzo letu. Mwaka 1979, chini ya mradi wa HADO, mifugo iliondolewa katika eneo lililoliwa na makorongo. Majani yakaota tena. Lakini maziwa na samadi navyo viliondoka, hata ikabidi baadaye uanzishwe ufugaji wa ndani. Hifadhi ya ardhi ikapata mguu wa pili wa kusimamia.

Sisemi watu waachwe wazame. Rufiji ilifurika tena mwaka 2024, na hatari ni ya kweli. Nasema kwamba orodha ya wanaohamishwa haijakamilika mpaka ijibu maswali matatu: Watakula nini? Watafikaje kazini kwao? Nani atalinda mazao yao? Maswali hayo hayajibiwi mezani. Mwenye majibu ni mwananchi mwenyewe, naye aulizwe kabla lori halijafika.

Tusipomwuliza, atatujibu kwa miguu yake.