Somo la Leo: Kipa Ricardo Zamora

Leo tutazungumza juu ya kazi ya kipa. Mshambuliaji akikosa goli mara tatu kisha akafunga mara moja, watu humshangilia. Lakini kipa akikosea mara moja tu, kosa lake huhesabiwa goli. Basi na tumtazame Ricardo Zamora wa Hispania.

Alizaliwa mjini Barcelona mwaka 1901. Mwaka 1920 alikuwa kipa wa Hispania katika Michezo ya Olimpiki ya Antwerp, wakapata medali ya fedha. Mei 1929, mjini Madrid, Hispania iliifunga Uingereza 4-3. Kabla ya siku hiyo Uingereza haikuwa imefungwa na nchi yoyote ya bara la Ulaya. Sifa za Zamora zikaenea kote.

Lakini sikilizeni. Desemba 1931 timu hizo zilikutana tena, safari hii London. Zamora akafungwa magoli 7. Wenzake wakapata 1 tu. Je, aliacha mpira? Hakuacha. Msimu ule ule klabu yake ya Madrid ilichukua ubingwa wa Hispania, na msimu uliofuata ikauchukua tena. Juni 1936, katika fainali ya Kombe mjini Valencia, Madrid iliongoza 2-1. Mwishoni kabisa mchezaji wa Barcelona akapiga mpira wa chini karibu na lango. Zamora akajirusha, akaudaka.

Mwezi uliofuata vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaanza. Zamora alitiwa gerezani, hata ikavumishwa kwamba ameuawa. Alipofunguliwa alikwenda Ufaransa, akacheza Nice. Vita vilikwisha mwaka 1939, naye akawa mwalimu wa Atlético Aviación, ambayo leo ni Atlético de Madrid. Timu hiyo ilikuwa haijapata ubingwa hata mara moja. Kwa mafunzo yake iliupata mwaka 1940, na tena 1941.

Zamora alifariki mwaka 1978. Hata leo, kipa anayefungwa magoli machache zaidi kwa wastani katika ligi ya Hispania hupewa tuzo yenye jina lake. Jina la mtu aliyefungwa 7 kwa siku moja.

Wahenga walisema, kuteleza si kuanguka. Sasa jadilianeni katika kikundi chenu: mwenzetu akikosea kazini mbele ya watu, sisi tunamhesabia siku ile moja, au kazi yake yote?

Kwaherini, hadi somo lijalo.