Nani Ajibu kwa Gari Lisilo na Dereva?



Hapa Chumbageni tumekwisha kuyazoea mabasi ya mikoani yenye kifaa cha ufuatiliaji, kinachopeleka taarifa za mwendo kwa Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA). Dereva hutakiwa kujitambulisha kwa kitufe chake. Kifaa hicho hakishiki usukani. Kazi yake ni kushuhudia, na anayejibu ni dereva.

Gari linalojiendesha halina mtu wa namna hiyo. Tarehe 2 Oktoba, 2023, mjini San Francisco, Marekani, mwanamke aliyegongwa na gari lenye dereva alirushwa mbele ya gari la kampuni ya Cruise lisilokuwa na dereva. Gari hilo lilisimama, kisha likasogea tena ili kuegesha kando, likimburuta kiasi cha meta 6. Tarehe 24 mwezi huo huo, Serikali ya Jimbo la California ilisimamisha vibali vya kampuni, si kwa hatari hiyo tu, bali pia kwa kutoieleza Serikali ukweli wote. Hilo la pili, kwa maoni yangu, ndilo zito zaidi.

Uingereza ilitunga sheria mwaka 2024: gari likijiendesha, kampuni iliyopewa idhini ndiyo ijibu, si aliyeketi ndani.

Sheria yetu ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 iliandikwa kwa kumkusudia dereva aliye mtu. Basi kabla gari la namna hiyo halijaruhusiwa kupita barabara ya Segera, yapasa sheria imtaje atakayejibu, na imlazimishe kukabidhi kumbukumbu za gari kwa Polisi mara ajali itokeapo. Mpanda baiskeli akigongwa, ajue wa kumdai.